Mwaka Ule Madamu Venansiya Aliponyamaza

Madamu Venansiya aliwasili akiongea. Tulikuwa tumeshakaa Biryogo, mjini Kigali, kwenye ile barabara iliyofungiwa magari, meza tumeziunganisha, pilau imeshaagizwa, na kabla hatujamwona tulimsikia akimweleza mumewe, Mzee Faustini, kwamba fundi wa duka lile la kona ndiye aliyemshonea gauni la ubatizo wa kifungua mimba wake, na kwamba mtu mwenye akili hawezi kulipaka duka rangi kama ile. Siku hiyo alikuwa anatimiza miaka sabini. Shabani, mwenyeji wetu, aliyezaliwa na kukulia kwenye vichochoro vya hapohapo, alisimama akamvutia kiti. Madamu akaketi bila kukata sentensi. Alizungumza chai ilipoletwa, akazungumza pilau ilipowekwa, akamuuliza mhudumu jina la mama yake na kugundua kwamba wanajuana. Mzee Faustini alikula taratibu, akitikisa kichwa pale panapostahili. Mimi nilisahau kula. Nilikaa nikiisikiliza ile sauti, nzito kidogo, yenye mkwaruzo kama wa mlango wa mbao, na nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kupewa majibu mazuri hospitali. Wengi wa waliokuwa mezani pale hawakujua kwamba kuna mwaka ambao hatukuwa na hakika kama sauti hiyo tutaisikia tena, wala kama mwenye sauti atakuwepo.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemkasirikia mwalimu kijana. Sasa hivi mimi ndiye mkuu wa taaluma katika shule ninayofundisha, na Jumamosi moja mchana niliandika kwenye kundi la walimu, kwenye simu, nikiomba alama za majaribio. Wote walijibu isipokuwa Kevini, kijana wa fizikia, ambaye alijibu Jumatatu kabla ya kengele ya kwanza: "Habari za asubuhi, Mwalimu Devota. Alama hizi hapa. Wikendi huwa sifungui kundi la kazi." Aliandika kwa adabu kabisa, na adabu hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. Nilizunguka ofisini nikijisemea kwamba vijana hawa hawana wito, kwamba ualimu kwao ni kibarua, kwamba sisi enzi zetu hatukuwa hivyo. Ni pale Biryogo, nikimsikiliza Madamu akimwelekeza mhudumu namna ya kukata ndimu, ndipo niliposhtuka. Maneno yale hayakuwa yangu. Niliwahi kuambiwa mimi, neno kwa neno, na mwanamke aliyekuwa ameketi mbele yangu, na aliniambia nikiwa nimeshika begi langu mkononi, saa kumi jioni, nataka kwenda nyumbani.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mgeni Kigali, nimekulia Karagwe upande wa Tanzania, na nilikuwa nimepata kazi ya kufundisha Kiswahili na jiografia katika shule ya sekondari ya bweni kule Kabuga, mji ukiishia na barabara ya mashariki ikianza. Nilipanga chumba nyuma ya soko. Asubuhi niliamshwa na wachuuzi wakishusha ndizi, jioni nilinunua nyanya na dodo, yaani mchicha, kwa akina mama walewale, nikawa najulikana kama "Mtanzania" ingawa kule nilikulia tu, kwetu ni Rwanda. Nilichokipenda zaidi ya kitu chochote mwaka ule kilikuwa mpira wa wavu. Nilikuwa nimesajiliwa na timu ya wanawake, si timu kubwa, lakini tulikuwa na jezi na kocha anayepiga kelele, na mazoezi yalianza saa kumi na nusu. Siwezi kueleza vizuri raha ya kuruka mbele ya wavu baada ya siku nzima ya chaki. Nilikuwa nikirudi chumbani nimechoka uchovu mtamu, nakunywa kikombe cha maziwa mgando, nalala kama jiwe, na asubuhi naingia darasani nikiwa na hamu ya kuwaona watoto. Nilidhani hivyo ndivyo mwalimu anavyopaswa kuishi. Chumba cha walimu kilinifundisha kwamba nilikuwa peke yangu, au karibu peke yangu.

Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, na kilikuwa na meza moja tu inayokijaza chote. Bila mtu kuamuru, walimu wa zamani walikaa upande wa dirishani, penye mwanga, na chupa zao za chai na vikombe vyenye vifuniko. Sisi vijana tulikaa upande wa mlangoni, kana kwamba tuko tayari kukimbia. Katikati kulikuwa na sahani ya mandazi ambayo ilisafiri kutoka kwao kuja kwetu, haikupata kusafiri kutoka kwetu kwenda kwao. Upande wa dirishani waliongea Kinyarwanda na Kifaransa, upande wetu Kinyarwanda, Kiingereza na Kiswahili. Ilikuwa pia miaka ile lugha ya kufundishia ilipobadilishwa, kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na mabadiliko hayo yaliwaangukia wao kuliko sisi. Madamu Venansiya alikuwa amefundisha baiolojia kwa Kifaransa tangu ujana wake, anaijua kama sala. Sasa ilimbidi kila mchana abaki darasani peke yake akijifunza upya majina ya sehemu za ua na za figo, akiyatamka kwa sauti mara kadhaa, halafu jioni awafundishe watahiniwa kipindi cha ziada, halafu asimamie etidi, yaani masomo ya jioni, mpaka giza. Jumamosi alikuwepo. Jumapili baada ya misa alikuwepo. Alikuwa akikaa Batsinda, mbali kabisa, basi moja mpaka Remera na basi jingine kutoka hapo, usiku yote yamejaa watu wamesimama, na hakuna aliyemwona akichelewa hata siku moja.

Siku ya kwanza aliyonisimamisha mlangoni naikumbuka vizuri. Alipenda kunisemesha Kiswahili, maana alikulia jirani na Nyamirambo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, cha haraka, kisichojali sana ngeli.

"Mwarimu Devota, unaenda wapi na jua iko bado juu?"

"Naenda mazoezini, Madamu. Vipindi vyangu vimekwisha."

"Vipindi vimekwisha. Na watoto? Watoto nao wamekwisha?" Akaligusa begi langu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayegusa kitu chenye unyevu. "Mwana wanjye, mwanangu, mwarimu hana saa kumi. Ule mwenye saa kumi iko karani. Sisi enzi zetu hatukuwa hivi."

Shabani alikuwa nyuma yangu, naye ameshika begi lake. Alifundisha kemia, na alikuwa na mke anayeshona na binti mdogo wa kumchukua kwa bibi yake kabla ya magharibi. Alimwamkia Madamu, "Shikamoo," kwa heshima zote, kisha akasema, "Madamu, nami naenda. Nyumbani kuna watu." Akapita. Nilipita nyuma yake nikiwa nimeinamisha kichwa. Mazoezini siku hiyo sikuruka vizuri. Kuanzia hapo kila saa kumi ilikuwa ni kuvuka mto: macho ya dirishani yote yanainuka, vikombe vinatulia, nami natoka na begi langu kama mwizi wa kuku. Mwalimu Tadeyo wa hesabu, mzee mcheshi, alianza kuniita "Madamu Saa Kumi", na wanafunzi wakalidaka jina. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha nilikuwa nimekwenda kuulizia kazi katika kampuni moja ya bima mjini, wakanipa nafasi, wakaniambia nirudi na jibu kabla ya mwaka kwisha. Niliwapenda wanafunzi wangu kuliko nilivyotegemea, lakini nilikuwa nimeanza kuamini alichosema Madamu, kwamba ualimu unamtaka mtu mzima mzima au haumtaki kabisa, na mimi nilijua kwamba mzima mzima sitaweza.

Sauti ilianza kumpotea katika muhula wa pili. Mwanzoni tulidhani ni vumbi la kiangazi. Alikuja na tangawizi kwenye chupa, akaja na asali, akaja na majani fulani aliyopewa na jirani yake ambayo yalinukisha chumba chote. Sauti ikawa ya mkwaruzo, kisha ikawa inakatika katikati ya neno, kisha ikawa mnong'ono. Alifundisha kwa mnong'ono. Nilikuwa nikipita koridoni naliona darasa zima limeinamia mbele, watoto wamekunja nyuso kwa kusikiliza, naye ameshika koo kwa mkono mmoja na chaki kwa mwingine. Upande wa dirishani walimsifu: mwanamke wa kazi, haachi watoto. Hakuna aliyemwambia aende hospitali, hata sisi, kwa sababu nani angethubutu? Ikaja asubuhi moja akafungua mdomo kuwasalimu wanafunzi, na hakikutoka kitu. Si mnong'ono, si mkwaruzo. Wanafunzi walisema baadaye kwamba alijaribu tena na tena, kisha akageuka ubaoni akaandika "Kaeni", wakakaa, naye akabaki amewapa mgongo muda mrefu. Msichana wa dawati la mbele ndiye aliyekimbia kumwita Shabani.

Daktari wa koo alimkuta na kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Kilikatwa upesi, kikapelekwa kupimwa, na majibu yangechukua muda, maana daktari alitaka kuwa na hakika kama ni ugonjwa ule mbaya au sivyo. Wakati huo wote Madamu alikatazwa kusema neno lolote. Hata kunong'ona alikatazwa. Daktari alisema kunong'ona kunaumiza kuliko kuongea. Mzee Faustini alikuja shuleni kutoa taarifa, amevaa koti la harusi, akasimama katikati ya chumba cha walimu akizungusha kofia mikononi. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona, na Madamu alikuwa amefundisha hapo miaka mingi. Mkuu wa shule, mtu asiye mbaya ila aliyeogopa matokeo ya mtihani wa taifa kuliko alivyoogopa radi, alimpa pole, kisha akauliza kama baada ya siku chache Madamu angeweza kuja akaandika tu ubaoni, bila kusema. Mzee Faustini akatazama sakafu. "Nikimwambia hivyo atakuja," alisema. "Ndiyo maana naomba msinitume nimwambie."

Shabani ndiye aliyejibu, kutoka upande wa mlangoni. Alisema baiolojia ya watahiniwa ataifundisha yeye, maana aliisomea pamoja na kemia. Akasema etidi za jioni tutagawana sisi vijana, kila mtu jioni yake moja kwa wiki, na hakuna atakayechukua mbili. Akanitazama. Nikasema Jumanne ni yangu. Jumanne hatukuwa na mazoezi. Mwingine akataja Jumatano, mwingine Alhamisi, na kabla chai haijapoa wiki nzima ilikuwa imejaa. Ndipo, kutoka upande wa dirishani, Mwalimu Tadeyo akasema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe, "Kumbe inagawanyika." Shabani aliongeza sharti moja: Madamu asikanyage shuleni mpaka daktari amruhusu. Mimi, kwa kuwa Jumamosi nilikuwa huru, ningempelekea kazi za wanafunzi za kusahihisha, maana tulijua bila kitu cha kusahihisha angetoroka.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kwenda Batsinda. Nyumba yao ilikuwa katika mstari wa nyumba zinazofanana, na niliitambua kwa mti wa parachichi uliozidi paa. Nilikaribishwa sebuleni, kwenye viti vyenye vitambaa vya kufuma, vyeupe pe, na niliona haya kukaa kwa sababu ilionekana wazi kwamba havikaliwi. Madamu aliketi kwenye kimojawapo kwa wima, miguu pamoja, mikono magotini, kama mtu aliyekuja kutembelea. Pembeni alikuwa na kibao cha watoto cha kuandikia kwa chaki na kitambaa cha kufutia. Kabla sijasalimu alishaandika: "Wamefika wapi?" Nikamwambia wamemaliza mzunguko wa damu. Akaandika: "Shabani anafundisha haraka?" Nikasema hapana, anafundisha vizuri. Akafuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya kitunguu kikikaangwa na mafuta ya mawese, na Mzee Faustini akatokea na aproni, akatuandalia maharagwe, ndizi na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa mpaka ikalainika kama siagi. Nilimwona Madamu akitafuta kitu mezani kwa macho, kisha akaandika, akamgeuzia mumewe kibao: "Chumvi iko wapi?" Mzee akaenda kuichukua kwenye kabati lililokuwa nyuma ya kiti cha mkewe. "Iko hapa tangu tuhamie," alisema kwa upole, na hakukuwa na lawama ndani yake.

Jumamosi baada ya Jumamosi nilikula kwenye meza ile. Nilichogundua ni kwamba Mzee Faustini, ambaye kila mtu alimdhania bubu wa pili wa nyumba, alikuwa na maneno tele. Alikuwa hajapata nafasi tu. Sasa mkewe hawezi kumkatiza, naye akawa anasimulia huku akipakua, na Madamu anapoona amekosea anagonga meza kwa kijiko. Kugonga mara moja maana yake si hivyo. Kugonga mfululizo maana yake nyamaza kabisa. Siku moja, bila mimi kuuliza, alinieleza. "Unajua kwa nini huyu harudi nyumbani? Shule ilipofunguliwa tena baada ya mauaji ya kimbari, yeye alikuwa kati ya walimu wa kwanza kurudi. Watoto wengi hawakuwa na mtu wa kuwasubiri. Wengine hata nyumba hawakuwa nayo. Kengele ya mwisho inalia, hawatoki. Wanakaa tu kwenye madawati." Kijiko kikagonga mara moja. Madamu akachukua kibao: "Hawakukaa. Walilaza vichwa." Mzee akasoma, akakubali. "Ndiyo. Walilaza vichwa. Sasa mwalimu atafunga vipi mlango? Akawa anabaki nao. Anawapikia uji, anawasomea, anaimba nao mpaka wasinzie. Miaka, binti yangu. Mimi nilikuwa nampelekea blanketi." Nilisubiri kijiko kigonge mfululizo. Hakikugonga. Madamu alikuwa anatazama sahani yake. Nami nikakumbuka kidole chake kwenye begi langu, na swali lake kuhusu watoto. Kumbe hakuwa ananisimanga. Lilikuwa swali ambalo wakati mmoja lilikuwa na jibu la kutisha, na hakuna aliyemwambia kwamba jibu limebadilika.

Nilichoka kumwogopa siku hiyo. Nikaanza kumwambia habari za kweli badala ya habari za kumfurahisha. Nilimwambia kwamba yule msichana wa dawati la mbele alikwenda kwao wikendi ya matembezi akarudi na mfuko wa karanga alizokaanga mama yake, akatugawia. Nilimwambia kwamba wavulana wawili walilia kuomba ruhusa ya harusi ya dada yao. Nilimwambia etidi inakwisha mapema sasa, watoto wanalala, na asubuhi hawasinzii darasani kama zamani. Alisikiliza kwa macho. Kisha akaandika kwa herufi ndogo, tofauti na zile zake kubwa za ubaoni: "Hawa wana nyumba. Sikuona walianza lini." Akanionyesha mimi tu. Mumewe aliporudi na maziwa alikuwa ameshafuta, na vumbi la chaki lilikuwa limemwangukia sketi.

Siku ya majibu Mzee Faustini aliniomba niende nao. Alisema mkewe hawezi kuongea na yeye hawezi kusikia. Hakuwa kiziwi, aliogopa tu. Tulikaa kwenye benchi la koridoni, Madamu katikati, na watu walipita na mafaili ya picha zao. Alikuwa amevaa mushanana, ule mtandio wa sherehe unaofungwa begani, kana kwamba ameitwa mbele ya askofu. Alishika kibao lakini hakuandika kitu. Nilimtazama shingoni, kwenye bandeji ndogo ya mkono aliochomwa sindano, kwenye viatu vyake vilivyopakwa rangi, na nikawaza jinsi mwanamke huyu alivyotumia sauti yake yote kwa watoto wa watu na hakujiwekea akiba hata ya kumwita mumewe kutoka chumba kingine. Tulipoitwa, daktari, mwanamke ambaye bado ni kijana, hakutuzungusha. Alisema kile kivimbe si ugonjwa mbaya. Ni sugu tu, kama sugu ya mkono wa mkulima, imeota kwa kutumia sauti kupita kiasi. Imetolewa, na pamepona vizuri. Sauti itarudi. Ila akirudia kuongea alfajiri hadi giza kama zamani, itaota tena, na safari hiyo huenda sauti isirudi.

Mzee Faustini aliniuliza mimi, "Amesema nini?" ingawa daktari alisema kwa Kinyarwanda safi. Nikamwambia tena. Akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa bila kuombwa. "Imana ishimwe," alisema, Mungu asifiwe, akarudia, akarudia. Madamu alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakimtetemeka, machozi yakimdondokea kwenye mushanana, na daktari akamwambia sasa anaweza kujaribu neno moja, taratibu, asilisukume. Tukasubiri. Niliona anachagua. Maneno yote ya duniani yalikuwa mbele yake, na alichagua jina. "Faustini," alisema, kwa sauti chakavu, ya chini, ambayo hatukuwahi kuisikia kabla. Mzee akaitika "Ndiyo, Madamu", kama mwanafunzi, na sote watatu tukacheka, hata daktari. Tulikwenda kantini tukanywa chai na mandazi ya jana, na sijapata kula mandazi matamu kama yale.

Kule Biryogo, keki ilipokatwa, nilimsimulia Madamu kuhusu Kevini na jibu lake la Jumatatu. Nilitegemea atacheka au atanisema. Aliuliza kitu kimoja tu. "Alama ziko zimekamilika?" Nikasema ndiyo, tena hazikuwa na kosa. "Sasa wewe ulizitaka za nini Jumamosi?" Nilifikiri. Nilizitaka Jumamosi kwa sababu Jumamosi ndipo nilipozikumbuka. Shabani alicheka mpaka akaweka kijiko chini, akasema na yeye ana walimu vijana wanaomwambia kwamba mkutano unaoweza kuwa ujumbe usiwe mkutano, na kwamba mwanzo aliumia, maana alidhani ni yeye ndiye kijana. Nilirudi nyumbani nikiwa sina tena kinyongo na Kevini, na Jumatatu nilimsalimu kwa furaha ambayo nadhani ilimtia wasiwasi.

Mwaka ule wa kimya chake, Madamu alirudi shuleni muhula wa tatu ukianza, na ndipo mkuu wa shule alipoitisha mkutano. Mtihani wa taifa ulikuwa unakaribia. Alipendekeza watahiniwa waongezewe masomo Jumapili mchana, kwa walimu wote, bila ubaguzi, kama alivyosema, wa wazee na vijana. Upande wa mlangoni tulitazamana. Mimi nilikuwa na jibu la kampuni ya bima mdomoni. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hiyo Jumapili ikipita, naondoka. Upande wa dirishani wote waligeuka kumtazama Madamu, kwa sababu kila mwaka pendekezo la namna hiyo lilikuwa lake. Alisimama. Ile sauti yake mpya ilibidi tuiinamie ili tuisikie.

"Mkuu, Jumapili mimi niko nyumbani kwangu."

Mkuu alidhani hakusikia. "Hata mwaka wa mtihani, Madamu?"

"Hata mwaka wa mtihani. Nilipokuwa sina sauti, hawa vijana walifundisha darasa langu, na kila mtu alikwenda kwao. Majaribio nimesahihisha mimi mwenyewe. Nilitafuta pengo." Akanyamaza apumzishe koo. "Nimelitafuta sana, Mkuu. Nilitaka kulipata. Sikulipata."

Akaketi. Mwalimu Tadeyo alianza kucheka peke yake, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo ambao hakujua kwamba anaruhusiwa kuutua, akasema na yeye ana shamba Rwamagana ambalo halijui sura yake. Mkuu alitazama upande huu, akatazama upande ule, akaona kwamba meza imekuwa moja. "Basi," alisema, "Jumapili tuiache." Nadhani hata yeye alifurahi, alikuwa na watoto wadogo. Watahiniwa walifanya mtihani wao na wakafaulu kama miaka yote, wengine vizuri sana, wengine wastani. Kampuni ya bima sikuirudia. Nilijua kwamba ninaweza kufanya kazi hii miaka mingi nikabaki na maisha yangu, na nimeifanya.

Jioni ya mkutano ule tulitoka pamoja, Madamu, Shabani na mimi, tukatembea mpaka kituo cha mabasi cha Kabuga. Jua lilikuwa bado linapiga kwenye mabati ya soko, akina mama walikuwa bado wanapanga viazi, na Madamu alitembea akigeuza kichwa huku na huku, akiuliza hili duka lilifunguliwa lini, na lile, na lile. Basi la Remera lilikuwa limesimama, mlango wazi, dereva anapiga gumzo na muuza mahindi. Madamu alipanda ngazi ya kwanza, akachungulia ndani, akasimama palepale ameshika chuma. Kisha akatugeukia, mkono kwenye koo lake, asije akapiga kelele.

"Kumbe iko viti!" alisema.

Akaingia, akachagua cha dirishani.